Shangazi, miiko nimeikuta huku

Ennis, Ayalandi



Mimi mzima, ila baridi. Uliniasa nisije nikasahau miiko ya nyumbani. Ondoa shaka: kwa miiko, bibi niliyepanga kwake ni mwalimu wako.

Siku ya kwanza niliweka viatu vipya mezani, vingali ndani ya boksi. Bibi aliruka kama kaona nyoka. Viatu vipya juu ya meza ni nuksi! Jirani alipoleta kichanga chake, nikakisifu mashavu, bibi alinikazia macho, kisha akamalizia mwenyewe: "Mungu ambariki." Kumbe "Mashallah" yetu ina pacha. Hata salamu zao wanazidishiana kama sisi: ukisema kwa Kiairishi "Dia duit", yaani Mungu awe nawe, unajibiwa Mungu na Maria, wote wawili.

Nao wale viumbe wa vichakani, kama majini yetu, hawatajwi ovyo. Huitwa "watu wema". Mwaka 1999, huku huku kaunti ya Clare, msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alipiga kelele kwamba mti wa miiba wa Latoon, uliokuwa ukatwe kupisha barabara kuu, una wenyewe. Wahandisi, na digrii zao, wakaubakiza.

Sasa sikia balaa langu. Usiku wa kuamkia harusi ya mjukuu wa bibi, nilikuta sanamu ya Mtoto Yesu wa Praha bustanini, chini ya ua, inalowana. Nikasema, maskini, kasahauliwa! Nikamwingiza ndani, nikampangusa kwa taulo langu, nikamweka karibu na jiko apate joto.

Asubuhi mvua ikamwagika si mchezo. Kumbe Mtoto hutolewa nje makusudi, ili siku ya harusi iche na jua! Bibi harusi aliingia kanisani shela inachuruzika. Tangu hapo mtaa mzima hauniiti jina. Mimi ni "yule aliyemwingiza Mtoto".

Bibi amenisamehe. Tarehe 1 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Brigid, atanifundisha kusuka msalaba wa nyasi za majimaji wa kutundika mlangoni. Nami nimemsimulia habari za udi wako na chetezo, naye anautaka.

Nakuomba utume mfuko mzima, tena mapema. Mjukuu wa pili anaolewa Juni.

Mwanao.