Namna ya Kumhamishia Kitatange Sebuleni

Muuzaji atakuambia kitatange huyu ni samaki sugu. Usibishe. Chaetodon auriga, mweupe mwenye manjano nyuma na doa jeusi pezini linalojifanya jicho, kweli ni sugu ukimlinganisha na nduguze, ambao baadhi yao hawali ila matumbawe hai na hufa njaa huku chakula kikielea mbele yao. Huyu hula minyoo, kamba, nyama ya chaza na mwani. Usugu wake unaishia hapo. Uliobaki utautoa wewe.

Bakuli la kioo mliloletewa harusini liache liendelee kubeba matunda. Samaki huyu hufikia sentimita 23 hivi na hushinda akiogelea, kwa hiyo lita 450 ndio mwanzo wa heshima. Maji hayo, pamoja na vioo na mawe, yanapita nusu tani. Yaweke juu ya kile kimeza cha televisheni kama ulikuwa unatafuta sababu ya kufahamiana na mpangaji wa ghorofa ya chini.

Chumvi ni gramu 35 kwa lita, yaani karibu kilo 16 kwa tangi zima. Shemeji atauliza kwa nini usitumie ya jikoni. Mweleze kwamba ile haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha. Akikushauri ukateke maji kivukoni bure, mwambie hujapata samaki anayekunywa dizeli. (Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji baridi tu. Chumvi haipai na mvuke, ingawa wengi hulijua hilo wakiwa wameshachelewa.)

Sasa tazama tangi tupu kwa wiki 4 hadi 6. Bakteria wanahitaji muda huo ili waweze kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Wageni watakuja, watanyoosha shingo, watauliza samaki wako wapi. Sema wamejificha. Asiye na subira hununua samaki wiki ya kwanza, na wiki hiyohiyo akatafuta pa kumzika.

Siku ya kununua, mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Aliyekataa kula dukani hatabadili nia kwa kuona sofa zako. Halafu usimtie tangini moja kwa moja. Mtenge pembeni wiki 4, maana akitokwa na vidoa vyeupe, dawa yake ya shaba ikimwagwa katika tangi kubwa itafagia kamba na konokono wote.

Kama tayari unafuga matumbawe ya bei, hongera, umemwandalia karamu. Wapo wanaomnunua makusudi ili awale anemone waharibifu. Huenda akawala. Huenda pia akaanza na kile ulichokilipia zaidi.

Pampu ya hewa ya betri itangulie kununuliwa kabla ya samaki, kwa sababu umeme ukikatika oksijeni haisubiri mafundi.

Mlishe kidogokidogo, mara mbili au tatu kwa siku: kamba waliokatwakatwa, chaza aliyefunguliwa. Mwenzio akiuliza kwa nini samaki anakula kamba ilhali nyinyi mnakula dagaa, mjibu bila kupepesa macho kwamba dagaa wana kalsiamu.