Balbu Iko Safu ya Saba

Kanban aliyoibuni Taiichi Ohno kule Toyota ilikuwa kadi tu: kipuri kikitumika, kadi inarudi nyuma kuagiza kingine. Trello, programu ya kupanga kazi kwa kadi, iliyozinduliwa 2011, ikaizoesha dunia safu tatu: ya kufanya, inafanywa, imekwisha.

Ofisini kwetu tatu zilionekana ufukara. Sasa tunazo 11, zikiwemo "Inasubiri Idhini", "Inasubiri Idhini ya Idhini" na ile niipendayo, "Imekwisha, Bado Kidogo". Kikomo cha kadi kwa kila safu? Bosi alikifuta, eti kinachelewesha kazi.

Mwezi uliopita niliandika kadi ya balbu ya chooni. Imeshavuka safu sita, ina wahusika wanne na maoni 22. Chooni tunaingia na tochi ya simu.