Halmashauri Yetu Ipewe Maua Yake
Wanaoilaumu halmashauri yetu hawajui mipango. Wananchi tuliambiwa tupandishe boma la darasa la shule yetu hadi usawa wa lenta, serikali itapaua. Tukasomba mawe na mchanga. Boma lingali imara, na katikati ya darasa umeota mpapai unaozaa: sayansi kwa vitendo, tena isiyohitaji bati. Mwongozo unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25; matatu yetu, kwa shule nzima, yanafundisha uvumilivu kuliko JKT. Tangu 2016 ada hakuna, michango ni hiari, na asiyehiari huitwa kwa mtendaji kukumbushwa hiari yake. Mwenge ukikaribia, ukuta unaotazama barabara hupakwa chokaa. Nani kasema hakuna ukarabati?