Simu ya Mfuko wa Shati

Fedha za pamba zikishaingia, hapa Mwamanyili hakosekani mtu wa kutafuta simu mpya. Safari hii nilikuwa mimi. Nikamwambia kijana wa dukani nataka simu ndogo, ya kuingia mfuko wa shati, yenye kamera nzuri.

"Shikamoo mzee. Ndogo kabisa ni hii."

Akanikabidhi kibao cha inchi 6.7. Enzi zetu darasa la kwanza tulijifunzia irabu kwenye kitu cha ukubwa huo.

"Ina kamera nne, mzee!"

Nne, kweli. Moja inapiga picha. Tatu zilizobaki ni kama wale wageni wa msibani wanaoonekana wakati wa chakula tu. Na megapikseli 50? Kuzibana kwenye kihisi kidogo kama punje ya mtama ni kufukia mbegu hamsini za pamba shimo moja. Msukuma yeyote anajua zitaota nini. Kinachohitajika ni kihisi kikubwa na lenzi inayopitisha mwanga, lakini hayo hayaandikwi kwa herufi nene kwenye boksi.

Na kwa simu ndogo kukosekana, tusiwalaumu wenye viwanda peke yao. Apple ilitoa iPhone 12 mini mwaka 2020 na 13 mini mwaka 2021, zote inchi 5.4. Sisi tunaolilia simu ndogo hatukwenda kununua, na mwaka 2022 mini ya 14 haikuja.

Nimechukua hicho kibao. Shati liko kwa fundi, linaongezwa mfuko.