Ukoo wa Chogo: Uainishaji wa Awali wa Televisheni za Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Televisheni zote zilizowahi kutamba Kigoma na Ujiji kabla ya uvamizi wa televisheni bapa ni za ukoo mmoja, Chogo, unaotambulika kwa kisogo. Kisogo hicho si urembo: huko nyuma kuna bunduki ya elektroni, nao mwale wa elektroni unahitaji nafasi ya kupindishwa kabla ya kugonga kioo. Kioo kikipanuka, kisogo nacho kinarefuka.

Spishi ya kwanza, Chogo anga, hatuna ushahidi kwamba iliwahi kushuka stesheni ya reli ya Kigoma, ila mtaalamu anayejiheshimu haiachi. Mfano wake: mwaka 1958 Philco ya Marekani ilitoa Predicta, kioo kimetengwa na kiwiliwili, kinageuka juu ya shingo yake. Ilisumbua mafundi sana, na mwaka 1961 kampuni ikauzwa kwa Ford. Binadamu alipotua mwezini 1969, JVC ya Japani haikukawia. 1970 ikaleta Videosphere, kofia ya mwanaanga yenye mnyororo wa kuning'inizia. Wakusanyaji wanazigombania hadi leo.

Wataalamu wa ughaibuni wanadhani televisheni haiwi ya kesho mpaka ifanane na roketi. Wanakosea. Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi 1973, na ng'ambo ya ziwa, Zaire ilikuwa na matangazo ya Kinshasa tangu 1966, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994. Kwa hiyo kabati lolote la mbao lenye kioo, lililotangulia sebuleni pamoja na deki ya video, lilikuwa la kesho kuipita Videosphere. Lilisubiri stesheni ambayo haijazaliwa.

Spishi ya pili, Chogo betri, ni nyeusi na nyeupe, inchi 14, ina mpini juu, na chakula chake ni betri ya gari. Mazingira yaliilea: umeme wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Huishi kwa kutegemeana na kijana anayezungusha mlingoti wa antena huku ndani wakipiga kelele: "Hapo hapo! Aa, umepitiliza!"

Spishi ya tatu, Chogo umiza, hupatikana kwenye vibanda vya video, yaani vibanda umiza, na hula filamu za Kichina zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na Lufufu.

Na mvuto wa ukoo huu? Nadharia yangu ni kwamba uko juu, si mbele. Juu ya chogo hukaa kitambaa cha kufuma, ua la plastiki, picha ya harusi na rimoti iliyovikwa nailoni. Bapa haina hata pa kuweka kiberiti. Kuzimwa kwa matangazo ya analojia, kulikoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kulitarajiwa kuufuta ukoo huu. Wapi! King'amuzi kilichomekwa kwa waya tatu, nyekundu, nyeupe na ya njano, kisha nacho kikapandishwa juu ya kitambaa.

Wanazuoni bado wanabishana kama ua la plastiki ni kiungo cha spishi au ni kimelea.