Kwa Mkuu wa Idara ya Mizigo, Shimoni

Kwa Mheshimiwa Mkuu,
Idara ya Mizigo ya Wageni,
Shimoni, Kwale.
(Ikiwa ofisi haijajengwa, barua iwekwe kivulini karibu na gati mpaka ijengwe.)

MINT: BEGI LANGU

Mheshimiwa,

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu wala haimuulizi kabeba nini kichwani, kwa hiyo mimi na begi langu tulivuka bure, kwa heshima zote. Ng'ambo ndiko makanga wa matatu alikolitazama begi, akaniambia kwa upole kwamba hilo nalo ni abiria. Nikalilipia kiti. Likapakatwa na mimi hadi njia panda ya Kanana, na kiti chake akapewa mzee mwenye jogoo. Jogoo hakulipa. Pale Kanana, bodaboda wa kuniingiza Shimoni, mwendo wa kama kilomita 14, alikuwa na nauli mbili, yangu na ya begi. Ya begi ilikuwa kubwa zaidi, nami sikubisha maana kweli linanishinda uzito.

Sasa nimefika, na vitu vyote vilivyonileta havilitaki. Kwenye pango la watumwa la hapa kuna ngazi, unyevu, popo na dari linalomlazimisha mtu kuinama. Mwenye mzigo mgongoni huinama mara mbili. Mashua ya visiwa vya Kisite na Mpunguti humtaka mtu na nguo za kuogelea, si mtu na sanduku. Kisiwani Wasini hakuna gari hata moja. Huko begi litapanda nami daraja la mbao la kina mama juu ya matumbawe, likapunge upepo.

Kule pangoni, Mheshimiwa, nilionyeshwa pete za chuma kwenye mwamba. Waliofungwa pale, wenyeji wanasimulia, walingoja jahazi la kuwapeleka Unguja, kwenye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nikasimama na begi langu begani nikaona haya. Wenye biashara ile walikuwa na bohari, walinzi, na mlango wa kutokea baharini, na mzigo wao ulikuwa watu. Leo tunakata tiketi kuona walipowekwa watu, na hakuna pa kuweka begi.

Hata wapagazi wa misafara ya bara walikuwa na kipimo: mtu mmoja, takriban frasila mbili. Hapa kipimo ni mavazi yako. Mwenye kofia ya ukili hubebewa kwa bei moja, mwenye kofia pana na kamera kwa nyingine. Mimi nilikuwa na shati la kitenge na miwani ya jua, ikabidi vijana wa kubeba mizigo wajitenge kidogo washauriane.

Nilikusudia kukuomba chumba. Bandari ya uvuvi ya hapa imechorewa vyumba vya baridi vya samaki, nami nikasema, begi halihitaji hata baridi: rafu, kufuli, na kibao chenye bei inayosomwa na mwenye ukili na mwenye kamera sawasawa. Barua nilikuwa nimekwisha kuianza.

Kisha nikaona njaa. Nikaketi kwa mama mmoja wa mahamri na mbaazi, nikala, nikalipa, nikainuka kulitwika tena. Akaniuliza naenda nalo wapi. Nikamwambia Wasini, mamangu. Akacheka, akalisukuma chini ya meza kwa mguu, akalifunika kwa kanga. "Nenda mwanangu, haliendi mahali hilo." Nikauliza kiasi gani. Akanitazama kama niliyemtukania wazazi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kurekebisha ombi langu. Kibao cha bei weka. Rafu pia, kwa wageni wasiopenda mbaazi. Lakini ile meza usiijue. Naogopa utaipenda: utaipa leseni, sare, stakabadhi nakala tatu na mizani, na mwaka ujao mama yule atakuwa anatozwa ada ya kutonitoza.

Nahodha ananiita, maji yanaanza kupwa.

Wako mtiifu,
Mwenye begi.

Tanbihi: Ni la kijani, zipu mbovu. Ukipita hapo kwa ukaguzi, kula mbaazi tu.