Marehemu wa Dukani
Mtu mzima anayenunua mdoli wa roboti Optimus Prime wa 1984 kwa bei ya pikipiki, kisha akakataza boksi lisifunguliwe, hudai ananunua utoto wake. Utoto upi? Midoli ndiyo iliyoitangulia katuni: Takara ya Japani ilikuwa ikiiuza kwa majina mengine, Hasbro ya Marekani ikaichukua, ndipo katuni ikatungwa ili kuinadi. Mwaka 1986 filamu ya katuni hiyo ikamuua Optimus, watoto wakaangua kilio. Kosa lake ni kuzeeka dukani, na rafu zilitaka wageni. Mtasema hata hadithi ya biashara hugusa moyo. Sawa, machozi yale hayakuwa ya bandia, ndiyo maana mwaka uliofuata marehemu alifufuliwa. Hadi leo anauzwa.